Diski nne, na ile niliyochomoa kimakosa

Seva yangu ya nyumbani hunitumia barua pepe moja kwa mwezi. Kila tarehe mosi usiku ZFS, mfumo unaohifadhi na kulinda faili zangu, hupitia kila kipande cha data kilichomo, ikikisoma na kukilinganisha na alama yake ya ukaguzi, na asubuhi nakuta mstari mmoja: makosa 0. Nimeuzoea mstari huo kiasi kwamba huwa naufuta bila kuusoma. Safari hii kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta nilipoona mstari ni mrefu kuliko kawaida. Kilobaiti 384 zilikuwa zimerekebishwa. Diski husika: sdc, jina ambalo Linux imeipa mojawapo ya diski zangu.

Kurekebishwa maana yake hakuna kilichopotea. Ndani ya boksi lile mlikuwa na diski nne za terabaiti 4, zimepangwa kwa RAIDZ1, kwa hiyo moja ikishindwa kusoma, tatu zilizobaki zinakokotoa kilichokosekana. Lakini ya pili ikifa kabla ya kiti cha ya kwanza kukaliwa, basi tena. Mle mna picha zote za familia, hati tulizoskani, na video ninazohariri kwa kazi, ambazo ndizo zinazokula nafasi. Tulikuwa tumefika asilimia 91. ZFS huanza kulalamika mapema zaidi ya hapo. Ukipita 80 inaanza kuhangaika kutafuta pa kuandika.

Nikafungua smartctl, programu inayosoma taarifa za afya ya diski. Jedwali lile ni refu, ila mimi natazama mistari mitatu. Mstari wa 5 unahesabu sekta, yaani vijisehemu vya diski, zilizokwisha kuzikwa na nafasi zake kupewa sekta za akiba. Wa 197 unahesabu sekta zilizogoma kusomeka na zinasubiri hukumu. Wa 199 unahesabu makosa ya njiani, kati ya diski na bodi kuu. Hii ya kwangu ilisoma 16, 24 na 0. Saa za kuwaka: 52,317, karibu miaka 6 bila kulala.

Ile 0 ya mwisho ndiyo iliyonikatisha tamaa. Kama 199 ndiyo ingekuwa imepanda ningeshukuru, kwa sababu hilo mara nyingi ni tatizo la kebo, na kebo ni kitu cha kubadilisha kabla chai haijapoa. Nalijua hilo kwa sababu nishawahi kuidhulumu diski. Miaka miwili kabla ya hapo, diski ya juu kabisa ilianza kutoa makosa ovyo, nami bila kusoma chochote nikaiandikia cheti cha kifo na kuagiza nyingine. Siku ya kuitoa nikakuta kebo yake ya data, ile ya SATA, imebanwa na mfuniko wa boksi mpaka imekunjika kama kiwiko. Aliyefunga mfuniko huo ni mimi. Nikabadili kebo, makosa yakakoma palepale. Diski hiyo mpaka ninaistaafisha ilikuwa na 312 kwenye mstari wa 199, maana hesabu hiyo hairudi nyuma, ila haikuwahi kufika 313.

Basi hii nikaipa siku tatu. Mstari wa 197 ukatoka 24 hadi 56. Hapo hakuna cha kujadili.

Ningeweza kununua diski moja ya terabaiti 4 na kuendelea na maisha. Kilichonizuia ni kwamba zote nne nilizinunua siku moja, kutoka katoni moja, namba zake zikifuatana kama watoto wa shule kwenye mstari. Zimezaliwa pamoja, zimefanya kazi saa zilezile, kwenye joto lilelile. Moja ikianza kukohoa, sioni kwa nini nyingine zidumu muda mrefu. Na nafasi ilikuwa inaisha vilevile. Nikaamua: nne mpya, terabaiti 8 kila moja, safari hii kutoka kwa wauzaji wawili tofauti ili zisiwe za toleo moja.

Kuna watakaouliza kwa nini sikuhamia RAIDZ2, inayovumilia vifo viwili. Swali zuri. ZFS hairuhusu kuligeuza kundi la RAIDZ1 liwe RAIDZ2. Toleo la OpenZFS 2.3 lililotoka mwaka 2025 linaruhusu kuongeza diski kwenye kundi lililopo, lakini kiwango cha ulinzi kinabaki kilekile. Ili nihamie ningelazimika kubomoa kila kitu na kujenga upya, na boksi langu lina nafasi nne tu, kwa hiyo nusu ya ukubwa ingeenda kwenye ulinzi. Ningekuwa naanza leo, pengine ningefanya hivyo. Lile hesabu la kutisha linalozunguka mitandaoni, kwamba diski yenye kosa moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14 lazima ikushinde ukisoma terabaiti 12.5, silikubali. Huo ni ukomo ambao mtengenezaji anaahidi kutouvuka. Haimaanishi kila diski itafika pale na kujikwaa. Na ZFS ikikutana na sekta isiyosomeka katikati ya ujenzi upya, haitupi kundi zima. Inakutajia faili lililoharibika na kuendelea. Faili moja nitalirudisha kutoka kwenye nakala.

Nilichokikagua kwa makini kabla ya kulipa ni kama diski ni ya SMR. Kwenye diski za aina hiyo, njia za kuandikia data zinalaliana kama makuti paani, ili ziingie nyingi zaidi. Kusoma ni sawa tu. Kuandika upya njia moja kunalazimu kuandika upya na zile zinazoilalia, na ukiilazimisha diski kuandika mfululizo kwa saa nyingi, inaelemewa, inasimama, mwisho seva inadhani imekufa na kuitoa kundini. Kujenga upya kundi ndiko hasa kuandika mfululizo kwa saa nyingi. Mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya seva za nyumbani zilikuwa za SMR bila boksi wala karatasi ya maelezo kusema hivyo, na kelele zilikuwa kubwa. Siku hizi watengenezaji wakubwa wanaandika. Tafuta CMR, yaani diski ambayo njia zake hazilaliani, kwenye karatasi ya maelezo. Usipoiona imeandikwa, usinunue.

Diski zilipofika sikuziingiza moja kwa moja. Diski nyingi hufa ama changa ama zee, na changa ni afadhali zifie mezani. Nilizichomeka kwenye kompyuta ya zamani nikaziendeshea badblocks, programu ya kujaribu diski, kwa namna yake ya kuandika, ile inayofuta kila kitu: inaandika diski nzima kwa mchoro mmoja, inaisoma yote, halafu inarudia kwa michoro mingine mitatu. Kwa terabaiti 8 ilichukua siku nne na nusu. Mama Zuhura alivumilia ngurumo ile sebuleni siku mbili, ya tatu akauliza, "Baba Zuhura, hizi unazitengeneza au unaziua?" Nikamwambia nazijaribu. Akasema haoni tofauti.

Jioni ileile moja ilikufa. Makosa 11, kisha mstari wa 5 ukaanza kupanda mbele ya macho yangu. Ilikuwa mpya, bado ina harufu ya plastiki. Nikairudisha ilikotoka, nikapewa nyingine, nayo ikala siku zake nne na nusu.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Mpwa wangu alikuwa amekuja kutusalimia, nikamshirikisha kwa kumpa tochi. Mpango wangu ulikuwa ule wa kwenye maelezo ya kawaida: iambie ZFS diski mbovu itoke kazini, zima seva, chomoa, weka mpya, washa, amuru ianze kujenga. Nikaandika zpool offline na jina la diski. Kundi likawa DEGRADED, yaani linafanya kazi likiwa na upungufu, kama lilivyotakiwa. Nikazima. Mbovu ni sdc, nikajiambia. Sda ni ya juu, sdb ya pili, kwa hiyo sdc ni ya tatu. Nikachomoa ya tatu, nikasukuma mpya, nikafunga skrubu nne, nikawasha.

Kundi halikuwepo. Siyo DEGRADED, halikuwepo kabisa. Nikaandika zpool import bila jina lolote, ikajibu kwamba kundi inaliona lakini haliwezi kufunguka: UNAVAIL, nakala hazitoshi. Diski mbili kati ya nne hazikuonekana kazini.

Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mikono ilikuwa baridi. Nilijua kwa akili kwamba data haiwezi kuyeyuka ndani ya dakika tano, lakini akili haikuwa na kauli wakati ule.

Mpwa wangu alikuwa ameokota ile diski niliyoichomoa, anaimulika. "Mjomba, ile mbovu ulisema inaishia na ngapi?"

"7KFE."

"Hii 7KFF."

Herufi hizi sdb na sdc hazina uhusiano na mahali diski ilipo. Linux inazigawa kwa mpangilio diski zinavyojitokeza wakati wa kuwaka, na siku ile nilipobadili kebo nilihamisha na tundu lake kwenye bodi kuu. Kwa miaka miwili sdc ilikuwa inakaa ya nne, chini kabisa, na mimi nilikuwa nahesabu ngazi kama mtu apandaye nyumba ya jirani akidhani ni yake. Kilichoniokoa ni kwamba nilizima kwanza. Kundi halikuwa wazi, hakuna kilichoandikwa wakati diski haipo. Nikazima tena, nikairudisha 7KFF mahali pake, nikawasha, kundi likarudi likiwa DEGRADED. Nikaamuru mbovu irudi kazini, ikasawazishwa kwa sekunde chache, na nikaenda kukaa barazani.

Nikiwa pale ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningejiuliza mapema: kwa nini nilikuwa na haraka ya kuitoa? Diski ile ilikuwa inaugua, lakini ilikuwa bado inasoma. Ina sekta 56 mbaya kati ya sekta bilioni kadhaa. Nikiitoa, zinabaki tatu ambazo hazina ruhusa ya kukosea hata mahali pamoja. Nikiiacha ndani na kuiongeza mpya pembeni, ZFS inasoma kutoka kwa zote nne wakati inajenga ya tano. Kwingine kukikwama, bado kuna pa kuuliza. Mbovu inatoka ikishakabidhi. Boksi langu lina nafasi nne za diski, sawa, lakini bodi kuu ina matundu sita ya SATA. Diski inaweza kulala nje ya boksi juu ya kitabu kwa usiku mmoja.

Nikaiweka juu ya kitabu. Nikachomeka kebo ya data na ya umeme. Nikawasha. Kimya. Nikaigusa kwa kiganja: haizunguki hata kidogo. Na hii ndiyo iliyopita siku nne na nusu za majaribio bila kosa.

Diski nilizonunua ni za daraja la vituo vya data, na baadhi ya hizo zinafuata toleo jipya la SATA ambamo pini ya tatu kwenye plagi ya umeme imepewa kazi nyingine: ikipata umeme, diski inabaki imezimwa, ili msimamizi aweze kuizima na kuiwasha kutoka mbali. Vyanzo vya umeme vya zamani vinapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote. Kwa hiyo diski inatii amri ambayo hakuna aliyeitoa. Kompyuta niliyoijaribia, kumbe, waya wake wa umeme haukuwa na volti 3.3 kabisa, ndiyo maana sikugundua.

Dawa ni kuifunika pini hiyo. Kuna utepe wa rangi ya kaharabu, mwembamba, usioyeyuka kwa joto, unaotumiwa na mafundi wa simu. Nilikata kipande chembamba kama punje ya mchele iliyopasuliwa. Plagi ya umeme ina pini 15 kwenye mstari mmoja. Unahesabu kutoka upande wenye kona ya umbo la L, tatu za mwanzo. Nilifunika zote tatu, kwa sababu zote zilikuwa za volti 3.3 na diski haizihitaji, na kufunika moja tu kwa vidole vyangu ni ndoto. Mara ya kwanza utepe ulijikunja nilipokuwa nasukuma plagi. Mara ya pili nikaubana kwa ukucha, nikasukuma taratibu bila kuyumba, nikawasha. Diski ikavuta pumzi na kuanza kuzunguka. Wapo wanaotumia kiunganishi cha kugeuza plagi ya zamani ya pini nne kuwa ya SATA. Inafanya kazi pia, ila vile vya bei rahisi vilivyomiminiwa plastiki vina sifa ya kuungua. Mimi bora nihangaike na utepe.

Safari hii sikuandika sdc popote. Chini ya /dev/disk/by-id kila diski ina jina lenye aina yake na namba yake ya utambulisho, na jina hilo haligeuki hata uihamishe tundu mara ngapi. Nikaandika zpool replace, jina kamili la mbovu, jina kamili la mpya. Nilimwita mpwa wangu asome namba kwa sauti kutoka kwenye stika, herufi moja moja, mimi nikifuata kwenye skrini. Tulifanya hivyo mara mbili. Kisha Enter.

Makadirio ya kwanza yalisema siku 19. Usishtuke, mwanzoni inapitia vipande vidogo vilivyotawanyika na inakata tamaa kama binadamu. Baada ya nusu saa ikasema siku 2, baada ya chakula ikasema saa 13. Ilimaliza kwa saa 11 na dakika 40. ZFS inajenga data iliyopo tu, haigusi sehemu tupu, ndiyo maana diski ya terabaiti 8 haikuchukua muda wa terabaiti 8. Niliamka mara mbili usiku kutazama joto, kwa sababu diski mpya zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, za zamani zilikuwa 5,400, na kabati letu halina hewa. Mara ya pili nilikuta nyuzi 51. Nikaacha mlango wa kabati wazi na kuelekezea feni ya mezani. Asubuhi zilikuwa 42.

Za pili, tatu na nne hazina hadithi. Usiku mmoja kila moja, kitabu kilekile, utepe uleule. Kati ya moja na nyingine niliacha siku moja na kuendesha ukaguzi kamili.

Ya nne ilipomaliza nikafungua zpool list nikitegemea kuona shamba limepanuka. 14.5T, vilevile kama jana. Kwa RAIDZ, diski ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua, na hadi ya mwisho itoke hupati hata gigabaiti moja, hilo nililijua. Lakini ya mwisho ilikuwa imeshatoka. Nilizunguka dakika ishirini kabla ya kuona kwamba mpangilio wa autoexpand, unaoliacha kundi lijipanue lenyewe, ulikuwa umezimwa tangu siku ya kwanza, na kuuwasha baada ya kazi hakurudishi saa nyuma. Nikaandika zpool online -e kwa kila diski, moja moja. Ya nne ilipokubali, namba ikaruka: 29.1T. Ukitoa fungu la ulinzi inabaki chini kidogo ya 22. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, mashine inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo kila 8 ya dukani ni 7.28 nyumbani.

Diski tatu za zamani zilizokuwa bado nzima nimezifuta. Mbili zimeingia kwenye boksi dogo nyumbani kwa dada yangu, kila moja ikiwa nakala ya mwenzake, na kila usiku seva yangu inatuma huko picha na hati zilizobadilika. Video za kazi haziendi; wateja wanazo. Ya tatu iko kwenye droo.

Ile ya 7KFE niliiandika sufuri mwanzo hadi mwisho. Ilipomaliza, mstari wa 197 ulisoma 0, na wa 5 ulikuwa umetoka 16 hadi 40. Yaani kati ya zile 56 zilizokuwa zinasubiri hukumu, 24 zimezikwa na 32 zimesamehewa, zimeandikika tena kama hakuna kilichotokea. Mpwa wangu akaiomba kwa ajili ya michezo yake ya kompyuta, ambayo ikipotea anaipakua upya. Nimempa. Nimeibandikia stika mbele, kwa kalamu nene: 7KFE, USIWEKE PICHA. Na kwenye boksi langu kila diski sasa ina stika yake upande unaoonekana bila kufungua chochote, kwa mwandiko wake yeye, maana alisema wangu hausomeki kwa tochi.